Nyumba ya Muthama Haijakamilika

Kitabu cha ukoo wa Mbaa Kyengo kilipopita kurasa mia saba, kompyuta ya Wayua ilianza kugoma. Ukibonyeza herufi, haionekani. Unangoja, unapangusa kioo kwa kitambaa kana kwamba vumbi ndilo lenye makosa, unabonyeza tena, halafu herufi zote zinatokea kwa mkupuo, za kwanza na za pili, na mtu mmoja anajikuta na jina la kuwatosha watatu. Kufuta ni vivyo hivyo. Kwenda ukurasa unaofuata ni safari. Na kuhifadhi kazi ndiko kulikomfanya Wayua ainuke, atoke nje, anunue ndizi, aile yote na kurudi, akute kile kiduara bado kinazunguka.

Duka lake lilikuwa Zombe, mkabala na soko la mifugo. Alitaipu barua za watu, alitoa fotokopi, alipiga picha za vitambulisho. Kazi ya kitabu ilimjia kwa sababu ukoo wenyewe ulikuwa wa akina Nthiwa, mwanaume aliyeishi naye, na wazee walisema ni heri kazi ibaki nyumbani. Neno hilo, nyumbani, lilimfurahisha siku ya kwanza. Baadaye alilifikiria vizuri, likamchoma.

Kwa maana Wayua mwenyewe hakuwa ndani ya kitabu. Kwa Wakamba mwanamke huwa mke siku mbuzi watatu wa ntheo wanapofika kwa baba yake. Kanisa lije, cheti kije, watoto waje hata wajaze darasa. Mbuzi hao wasipofika, wazee watakuheshimu, watakunywa chai yako, na bado wewe ni mgeni. Kanuni ya kitabu ilikuwa hiyo hiyo: mke ambaye ntheo yake haijafika haandikwi, wala watoto wake. Kitabu kikishapigwa chapa kingekaa hivyo kizazi kizima. Wayua alikuwa ameishi na Nthiwa miaka tisa. Walikuwa na binti, Ndunge, aliyepewa jina la marehemu mama yake Nthiwa kama desturi inavyotaka. Mbuzi hawakuwa wamekwenda.

Na Nthiwa kazi yake ilikuwa nini? Kuuza mbuzi. Hapa ndipo mtu anashindwa acheke au alie. Kila siku ya soko alinunua mbuzi Zombe, akawapakia kwenye lori, akawapeleka mpaka milimani Makueni, na barabara hiyo ilipita Nunguni, chini kidogo ya shamba la baba yake Wayua. Kinyozi hajinyoi, walimtania wenzake sokoni, naye alicheka nao.

Hani, ambaye baba yake Ahmednur alikuwa na duka la simu pale kando, alikuja kuitazama ile kompyuta.

"Dada Wayua, hii mashine si mgonjwa, umeibebesha tu," alisema. "Picha za simu zimejaa humu, kila moja na uzito wake. Masahihisho ya wazee yote bado yako, mekundu matupu. Na ukiongeza jina moja ukurasa wa tatu, inapanga upya mpaka wa mwisho. Igawe. Kila nyumba faili yake, halafu mwisho unaunganisha."

Wayua alijua. Alishamwambia Mzee Mutiso, mwenyekiti wa ukoo, kitambo, kitabu kikiwa bado chembamba. Mzee alikataa kabla hajamaliza sentensi. Kitabu kilikuwa kimoja kwa sababu ukoo ni mmoja, na ukoo haukatwi. Hata masahihisho mekundu alikataa yaondolewe, maana kufuta jina la mtu si jambo la kufanywa kimyakimya. Lazima ionekane nani alifutwa na nani aliyesema afutwe. Wayua alikubali. Ungekuwa wewe mgeni kwa watu, ungeanza kubishana nao juu ya faili?

Siku ya soko wazee watatu walikuja kusahihisha. Walisimama nyuma ya kiti chake, kofia mkononi, kwa sababu duka halikuwa na nafasi ya kuketi. Mzee Mutiso alitaja majina, Wayua akaandika, kompyuta ikajivuta. Mzee mmoja aliuliza kama mashine imelala. Mwingine alisema labda huyu msichana wa kompyuta anataka kulipwa kwa saa. Walicheka kidogo, bila ubaya, na kutokuwa na ubaya ndiko kulikomuumiza, maana mwenye ubaya unaweza kumjibu.

Walikuwa wamefika nyumba ya marehemu Muthama wakati Nthiwa, mwana wake, alipoingia kuwasalimia, fimbo mkononi, vumbi la zizi mpaka magotini. Aliwashika mikono wazee mmoja mmoja, akasimama mlangoni.

Mzee Mutiso aliendelea. Musyoka Muthama, mke wake Syombua, ntheo ilifika. Mutanu binti ya Muthama aliolewa Kabati, ntheo ilipokewa. Halafu alimtazama Nthiwa, akatazama kisogo cha Wayua. Hakuwa mtu mkatili. Aliuliza kwa upole kama kuna chochote kilichobadilika. Nthiwa alisema wanapanga, pengine mwezi wa nane. Alikuwa amesema mwezi wa nane miaka mingi.

"Basi tuandike ilivyo," mzee alisema. "Nthiwa Muthama. Hana mke."

Wayua alibonyeza, akarudisha mikono mapajani. Kioo hakikuonyesha kitu. Watu wote mle dukani walikodolea macho mahali palipokuwa patupu, wakingoja. Kisha herufi zikaanza kutoka, si kwa mkupuo safari hii, bali moja moja. Wazee walizisoma kwa sauti ya chini kadiri zilivyotokea. Ha. Na. Halafu mashine ikapumzika. Nthiwa aligeuza uso akatazama lori lake barabarani. Halafu neno la pili likaja, nalo likachukua muda wake wote.

"Na mtoto?" mzee mmoja aliuliza.

"Mtoto hufuata mbuzi," alisema Mzee Mutiso. "Twende nyumba inayofuata."

Wayua hakulia. Alikwenda nyumba inayofuata.

Nyumbani jioni ile alimpakulia Nthiwa chakula, akangoja Ndunge atoke kwenda kucheza kwa jirani. Nthiwa alianza kabla hajaulizwa.

"Ni kitabu tu, Mama Ndunge. Watu wote Zombe wanajua wewe ni bibi yangu."

"Zombe wanajua. Baba yangu je?"

Nthiwa alikata ugali, akaurudisha kwenye sahani.

"Lori lako linapita chini ya shamba letu," Wayua alisema. "Mama ananipigia simu, ananiambia leo nimeona mbuzi wa bwanako wakipita. Anawahesabu mpaka wapotee kwenye kona. Wewe unajua huwa namwambia nini? Namwambia hao ni wa watu."

Nthiwa alijibu bila kumtazama.

"Ile siku nilienda kwenu, babako hakunipa mkono. Alinipita, akaenda kufunga ng'ombe. Nikasimama pale kwa uwanja kama mtu ameleta bili. Nikasema nitarudi siku nikiwa na kitu ya maana, asiniangalie hivyo tena. Mwaka ukaisha. Mwingine ukaisha. Sasa kila mwaka unaongeza aibu juu ya ile ya kwanza. Nitaingia kwa hiyo boma na uso gani, baada ya miaka yote hii, na mbuzi watatu?"

Hakuwa amewahi kumwambia jambo hilo. Wayua alimwonea huruma, akajikasirikia kwa kumwonea huruma, kwa sababu huruma humnyang'anya mtu maneno wakati anayahitaji zaidi. Lakini moja lilikuwa limebaki.

"Hiyo aibu umekuwa ukiiogopa tu, Nthiwa," alimwambia. "Mwenye kuibeba ni mimi."

Alitoa sahani. Waliongea mambo ya karo mpaka mtoto akarudi.

Wiki iliyofuata mashine ilifanya lile ambalo Hani alikuwa ameonya. Wayua alikuwa ameshinda akiandika familia za upande wa Makueni, wale waliohama zamani. Alibonyeza kuhifadhi, kioo kikawa cheupe, kompyuta ikaacha kujibu. Alingoja ndizi mbili. Ilipowaka tena, kazi yote ya siku ile haikuwepo.

Aliweka kichwa mezani. Mteja aliyekuja na fomu alimkuta hivyo, akaondoka polepole bila kumsemesha. Halafu Wayua aliinuka akamwita Hani, na alasiri ile ile wakafanya kilichokatazwa. Walitoa nakala ya kitabu kama kilivyo, na rangi nyekundu yake yote, wakaificha. Kisha wakaigawa nyingine nyumba kwa nyumba, kila nyumba faili yake, wakapunguza uzito wa picha, wakaziweka zote mahali pamoja. Wayua alifungua nyumba ya kwanza. Ilifunguka kabla hajaondoa kidole.

Alifungua nyingine na nyingine, akicheka peke yake. Alipofika nyumba ya Muthama, Hani alikuwa ameshaondoka. Alifuta yale maneno mawili baada ya jina la Nthiwa, na mahali pake akaandika: mke wake Wayua, binti ya Mutisya wa Nunguni; mtoto wao Ndunge. Yalikaa vizuri pale, yakafanana na mistari mingine yote. Katika kurasa mia saba nani angeyaona? Wazee walikuwa wameshapita nyumba hiyo. Aliyatazama mpaka machozi yakaja, kisha akayafuta maneno hayo. Hakutaka kuingia kwa dirisha katika nyumba ambayo amekuwa akiifagia miaka tisa. Lakini yale maneno mawili ya wazee hakuyarudisha. Aliacha nafasi tupu.

Kesho yake alimweleza Mzee Mutiso yote kuhusu kugawa kitabu. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mzee alivua kofia tu, akaketi juu ya kreti ya soda.

"Umekata ukoo," alisema.

Kisha akaeleza, naye hakuwa akieleza kwa hasira. Alipokuwa kijana, ndugu wawili wa ukoo walikosana juu ya kaburi la baba yao, azikwe Kitui au Makueni. Nusu ya watu waliondoka na hawakula pamoja tena. Mama yake Mutiso alikufa bila kumwona dada yake. Kitabu hiki ndicho kilichokuwa kimewafanya wa upande ule wapokee simu. Sasa wakisikia walitengwa kwenye faili yao, watasema nini?

Wayua alimwonea huruma mzee huyo pia. Siku zile alikuwa na huruma kwa kila mtu isipokuwa kompyuta. Alimsogezea kiti, akamwonyesha faili zilivyopangwa.

"Hakuna aliyehama, mzee," alisema. "Hapa ni boma moja. Kila mwana ana nyumba yake ndani ya boma. Wakati ule wote walikuwa wanalala nyumba moja, ndiyo maana hata kugeuka walikuwa hawawezi."

Mzee aliomba afunguliwe nyumba ya Makueni. Ikafunguka. Aliomba ya kwao. Ikafunguka. Aliangalia picha ya mama yake, akaomba ifungwe na kufunguliwa tena.

"Sawa," alisema hatimaye. "Lakini sikiza, msichana. Kwa mpigachapa zitaenda pamoja, siku moja. Nyumba moja ikibaki nyuma, zote zinangoja."

Wayua alisema ndiyo. Mzee alipokwishaondoka, ndipo maneno hayo yalipomrudia, akakaa nayo.

Kazi iliyobaki ilikwenda upesi. Makueni iliandikwa upya ikaisha. Mzee Mutiso alikuja kuchukua flashi apeleke Kitui mjini kwa mpigachapa, amevaa koti lake la kanisani, na tarehe ya mkutano wa ukoo ilikuwa imeshatangazwa. Wayua alikuwa ameipanga sentensi yake tangu asubuhi.

"Mzee, nyumba ya Muthama haijakamilika."

"Imebaki nini?"

"Pale kwa Nthiwa."

"Si tuliandika?"

"Mliandika. Mimi nimeondoa. Siwezi kuandika kwa mkono wangu kwamba mwanaume ninayempikia hana mke. Kama ni lazima iandikwe, kiti ni hiki, mwingine akae aandike. Ama ukoo umuulize Nthiwa mara ya mwisho."

Mzee Mutiso angeweza kuketi kwenye kile kiti. Angeweza kumwita Hani. Angeweza kusema kazi za ukoo hazisimami kwa ajili ya mwanamke ambaye si wa ukoo, na Wayua alikuwa amejiandaa kusikia hivyo hivyo. Kama angesema hivyo, Wayua angechukua mtoto wake akarudi Nunguni, na hilo alikuwa ameliamua.

"Nilisema hakuna nyumba itabaki nyuma," mzee alisema.

"Ulisema."

"Mbele ya watu wa Makueni nimesema hivyo pia."

Mzee alimtazama kwa muda, na ilikuwa mara ya kwanza amemtazama uso badala ya kisogo. Alirudisha kofia kichwani, akavuka barabara kuelekea soko la mifugo.

Yaliyosemwa huko Wayua aliyapata kabla ya saa ya chai, maana soko halina siri. Mwenyekiti alimkuta Nthiwa katikati ya mapatano, ameshika mbuzi sikio. Hakumpigia kelele. Alimuuliza tu, mbele ya madalali wote, ana mbuzi wangapi pale leo. Nthiwa alijibu ni kama thelathini. Mzee akasema basi achague watatu, kwa sababu ukoo mzima wa Mbaa Kyengo, walio hai na waliokufa, umesimama barabarani ukiwangoja hao. Walisema hakuna aliyecheka. Walisema pia kwamba Nthiwa alichagua polepole, akawarudisha wawili, akachukua wengine walio bora zaidi.

Jumamosi walikwenda Nunguni, Nthiwa na wazee watatu. Wayua hakwenda, mwenye kupelekewa ntheo hajipeleki. Alifungua duka kama kawaida na hakufanya kitu kimoja kikanyooka. Alitoa fotokopi ya karatasi upande usio na maandishi. Alikuwa na hofu moja, kwamba baba atapita tena mbele ya Nthiwa aende kufunga ng'ombe, na hapo itakuwa imekwisha, maana Nthiwa hangerudi mara ya tatu.

Simu ilipolia, namba ilikuwa ya baba yake. Mzee Mutisya hakuwa amempigia simu tangu binti alipoondoka nyumbani na begi.

"Wayua."

"Ee, nau."

"Kuna watu hapa. Wamekuja na mbuzi watatu. Ni wazuri, siwezi kudanganya." Alikohoa. "Nimewaambia mbuzi wa mtoto wangu sitawafunga kabla ya kumuuliza. Simu iko kwa spika, wote wanakusikia. Tuwapokee, ama warudi nao?"

Wayua alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kuulizwa. Alisikia mbuzi akilia upande ule, na mtu akijisafisha koo, akajua ni Mzee Mutiso. Nthiwa hakusikika. Lazima alikuwa amesimama uwanjani, mahali palepale.

Alimpenda Nthiwa. Hilo halikuwa swali, na labda ndilo lililomponza, maana mtu akijua anapendwa husema mwezi wa nane. Alifikiria mama yake, anavyohesabu mbuzi wa watu mpaka kwenye kona. Alifikiria Ndunge, ambaye siku moja angekifungua kitabu hicho na kutafuta jina lake. Angeweza kuwarudisha. Neno moja tu lingetosha, na wanaume wote wale wangepanda lori na wanyama wao wakashuka mlima. Alishangaa kuona wazo hilo linampa raha kiasi gani.

"Ngojeni kidogo," alisema.

Wakangoja. Alivuta kiti, akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akanywa maji yaliyokuwa mezani, yote, bila haraka.

"Wapokee, nau," alisema kisha. "Lakini mwambie Nthiwa jina langu kwenye kitabu siliandiki mimi. Nimeandika ya watu wote. Akirudi atakaa hapa kwa hiki kiti atafute herufi mwenyewe, langu na la mtoto wake, hata kama itamchukua siku nzima, na mimi nitasimama nyuma yake nikimwangalia."